Nywila Iishie Mlangoni

Mwishoni mwa Juni saiba za katikati ya Nairobi hufurika watu. Tarehe 30 ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za ushuru, na asiye na kompyuta nyumbani hubanana na wenzake kwenye benchi, kitambulisho mkononi, akingoja mashine iachwe wazi. Juni iliyopita nilimsindikiza shangazi yangu hadi saiba moja karibu na barabara ya Tom Mboya. Ritani ilikwisha mapema kuliko tulivyodhani. Akasema maadamu kiti tumekipata, tufungue na tovuti ya sacco yake aone mkopo umebaki kiasi gani.

Akaandika nambari ya uanachama, kisha nywila, herufi moja moja kwa kidole kimoja, mkono wa pili ukikinga kibodi ili kijana wa kando asione. Tukasoma salio, tukaprinti taarifa ya akaunti, akabonyeza "Ondoka". Ukurasa wa kuingilia ukarudi, ukiomba nywila upya. Akachukua mkoba wake. Mimi, kwa mazoea ya kazi, nikabonyeza mshale wa kurudi nyuma, na salio likatokea tena. Hilo peke yake lisingenitia wasiwasi mkubwa, kwa sababu kivinjari huweza kubaki na nakala ya ukurasa kilichokwisha kuuonyesha. Basi nikabonyeza kiungo ambacho hatukuwa tumekigusa, cha wadhamini wa mkopo. Ukurasa ukaja, mpya kutoka kwenye seva, yaani kompyuta inayoiendesha tovuti: majina ya wadhamini watatu, nambari zao za simu, na kiasi alichodhamini kila mmoja.

"Si nimetoka?" Shangazi akaniuliza.

Hakuwa ametoka. Alionyeshwa picha ya mlango uliofungwa, mlango wenyewe ukiwa wazi. Nikafuta kuki zote, yaani vipande vya maandishi ambavyo tovuti huviacha kwenye kivinjari ili zimkumbuke mtu, kabla hatujasimama, nikamlipa mhudumu, na njia nzima hadi stejini nilikuwa nikitafuta maneno ya kumweleza. Makala haya ni maneno hayo, nimeyarefusha kwa ajili ya vijana wanaojenga tovuti za aina ile katika jiji hili na kwa ajili ya wakubwa wanaowalipa. Hoja yangu ni moja. Tovuti ikishaihakiki nywila yako mlangoni, haina kazi nayo tena. Inachopaswa kukupa ni tiketi, na tiketi hiyo lazima iwe kitu ambacho tovuti yenyewe inaweza kukiua. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo wengi wameanza kuielewa. Nusu ya pili ndiyo iliyomwacha Shangazi wazi.

Tovuti zilizaliwa bila kumbukumbu. Tim Berners-Lee alipobuni mfumo huu pale CERN, kituo cha utafiti karibu na Geneva, mwaka 1989, shabaha ilikuwa watafiti wasomeane nyaraka. Mtu anaomba ukurasa, seva inampa, mazungumzo yanakwisha. Ombi la pili likija, seva haijui kama limetoka kwa yule yule wa sekunde mbili zilizopita au kwa mwingine aliyeko Mombasa. Kwa kusoma nyaraka, hilo halina ubaya wowote. Kwa sacco ni shida kubwa: Shangazi akihakikiwa kwenye ukurasa wa kuingilia kisha akabonyeza "Mikopo", kwa seva yeye ni mgeni upya. Kila ombi lazima lije na kitu cha kumtambulisha. Kitu gani? Hapo ndipo kazi yote ilipo.

Jibu la kwanza linalomjia mtu ni kubeba nywila yenyewe. Si jibu la wajinga. HTTP yenyewe, lugha ambayo kivinjari na seva huzungumziana, ililiweka rasmi, katika njia iitwayo Basic ambayo imo kwenye maelezo ya HTTP/1.0 ya mwaka 1996. Kivinjari huchukua jina na nywila, huviandika kwa mtindo wa Base64, na kuvituma tena na tena kwa kila ombi. Base64 haifichi kitu. Neno "nairobi" likiandikwa hivyo huwa bmFpcm9iaQ==, na yeyote mwenye kompyuta hulirudisha katika umbo lake mara moja bila kuhitaji ufunguo. Ukurasa mmoja wenye picha 30 kutoka seva ile ile unamaanisha nywila imesafiri mara 31.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kukagua mfumo wa duka la jumla la vipuri vya magari, katika ofisi ndogo kando ya Ngong Road. Kijana aliyeujenga alikuwa hodari, msimbo wake ulisomeka vizuri, na alikuwa amejitahidi kwa dhati kuwalinda wateja. Alijua kwamba nywila haipaswi kusafiri uchi. Kwa hiyo aliisaga kwanza kwa MD5, hesabu inayoligeuza neno kuwa mfuatano wa herufi na tarakimu. Zao lake, ambalo mafundi huliita heshi, akaliweka kwenye kuki, na kila ukurasa ulipofunguliwa seva ikalinganisha heshi ya kwenye kuki na heshi ya kwenye hifadhidata. Nikafungua kuki ya akaunti ya majaribio. Ilianza na 81dc9bdb ikaishia na d055.

"Nywila yako ya majaribio ni 1234," nikamwambia.

"Umejuaje, mwalimu?"

Nilijua kwa sababu 81dc9bdb52d04dc20036dbd8313ed055 ndiyo heshi ya MD5 ya 1234, na sisi tunaokagua mifumo tumekutana nayo mara nyingi kiasi cha kuikariri. Neno lile lile likisagwa kwa MD5 hutoa zao lile lile popote duniani, na orodha za mazao hayo zimejaa mtandaoni. Lakini MD5 halikuwa kosa lake kubwa. Hata angetumia njia ngumu zaidi ya kusaga, seva yake ilikuwa ikiikubali heshi kama uthibitisho, na hapo heshi ndiyo iliyogeuka kuwa nywila. Mwizi hakuhitaji kuirudisha kuwa 1234. Alihitaji kuinakili tu na kuituma jinsi ilivyo. Na kama angeiba hifadhidata, angekuwa na funguo za wateja wote bila kuvunja hata heshi moja. Kusaga nywila kuna faida kwa sababu kilichosagwa hakikubaliwi mlangoni. Siku unapoanza kukikubali, faida yote imekwenda.

Nilimwona akikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo nimelisikia kwa wengine wengi tangu siku ile: alidhani njia pekee ya kuwa na hakika kwamba mtu ni yeye ni kuiangalia nywila yake kila mara. Wengine wenye wazo hilo hilo huiacha nywila kwenye seva, ndani ya faili ya kipindi cha mtumiaji, yaani kumbukumbu ya tangu aingie mpaka atoke, ili kila ukurasa uende kuihakiki upya. Kwenye seva za kukodi kwa bei nafuu, ambako tovuti nyingi hulala kwenye mashine moja, faili hizo mara nyingine huwekwa kwenye folda ambayo wapangaji wengine wanaifikia. Makosa haya yana chimbuko moja. Kumtambua mtu kumechanganywa na kumuuliza nywila. Ulishamuuliza. Unachotakiwa kukumbuka ni kwamba alijibu sawa.

Nairobi tunalijua jambo hili kwa miguu yetu. Ingia jengo la ofisi Upper Hill au Westlands. Askari anaomba kitambulisho, anakitazama, anakutazama usoni, kisha anakupa kadi ya mgeni yenye nambari. Kwenye lifti na kwenye mapokezi ya kila ghorofa, watu huangalia kadi ile iliyoning'inia shingoni, na hakuna anayekuomba kitambulisho tena. Kadi haina jina lako wala tarehe yako ya kuzaliwa. Ni 47 tu, na maana ya 47 iko kwenye meza ya askari. Ukiidondosha, aliyeiokota hajui wewe ni nani, na askari akipigiwa simu anaweza kutangaza kwamba 47 haifai tena. Yapo pia majengo yanayokaa na kitambulisho chako mpaka utoke, na yapo yanayokuandikisha jina, nambari ya kitambulisho na ya simu kwenye daftari kubwa lililo wazi mezani, kila ajaye akisoma waliomtangulia. Tabia zote mbili sizipendi. Kukaa na kitambulisho cha mtu ndiko kule kukaa na nywila yake kwenye faili ya kipindi, na daftari lile ndilo hifadhidata yenye nywila zilizoandikwa waziwazi.

Kadi ya mgeni ya tovuti ilikuja mwaka 1994. Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, alitaka duka la mtandaoni liweze kukumbuka bidhaa alizochagua mnunuzi akiwa bado anazunguka. Akabuni kuki: kipande kidogo cha maandishi ambacho seva hukikabidhi kivinjari, na kivinjari hukirudisha kila kinapozungumza na seva hiyo. Baadaye kampuni za matangazo zilizitumia kuki kuwafuata watu kutoka tovuti hadi tovuti, na chuki ambayo wengi wanayo dhidi ya kuki imetokana na hapo, kwa haki kabisa. Lakini kwa kazi ya kumkumbuka mtu aliyekwisha kuhakikiwa, kuki bado ndicho chombo kinachofaa zaidi, ilimradi ujue cha kuweka ndani yake.

Cha kuweka ni nambari isiyo na maana yoyote. Seva ikishahakiki nywila, huichukua nambari ya nasibu kutoka kwenye jenereta ya kiusalama ya mfumo wa uendeshaji, yenye biti 128. Ukiiandika kwa heksa, yaani kwa tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f, ni herufi na tarakimu 32, na idadi ya nambari zinazowezekana yenyewe ni namba ya tarakimu 39. Hakuna atakayeibahatisha. Kisha seva huandika kwenye jedwali lake: tiketi hii ni ya mwanachama fulani, imetolewa saa fulani, itakufa saa fulani. Ombi likija na nambari, seva huitafuta jedwalini, na hilo linatosha. Nywila haikutajwa tena. Nimewahi kukuta mfumo uliotengeneza tiketi kwa kusaga jina la mtumiaji pamoja na saa aliyoingia. Jina linajulikana, na saa kila mtu anayo ukutani. Tiketi ya namna hiyo mwizi hujitengenezea mwenyewe.

Jambo moja dogo ambalo wengi hulisahau: hata jedwalini usiweke tiketi yenyewe, weka heshi yake ya SHA-256, njia nyingine ya kusaga. Seva hupokea tiketi, huisaga, hutafuta zao lake. Anayeiba nakala ya jedwali anaondoka na mazao yasiyokubaliwa mlangoni. Msomaji makini atauliza mbona nakubali SHA-256 hapa ilhali kwa nywila ni nyepesi mno. Ni kwa sababu nywila hubuniwa na binadamu, na binadamu huchagua majina ya watoto na miaka ya kuzaliwa, kwa hiyo mwizi hukisia haraka haraka mpaka apate. Tiketi ya nasibu haina pa kukisiwa. Nywila inahitaji njia nzito kwa makusudi, kama bcrypt ya mwaka 1999 au Argon2 iliyoshinda mashindano ya kimataifa ya kusaga nywila mwaka 2015, kila nywila na chumvi yake, yaani vibambo vya nasibu vinavyochanganywa nayo ili 1234 ya mtu mmoja isifanane na 1234 ya mwingine. Uzito huo nao ni sababu nyingine ya kutoihakiki nywila kwenye kila ukurasa: seva itachoka bure.

Kuhusu kuhifadhi nywila waziwazi sitasema mengi. Desemba 2009 kampuni ya Marekani iitwayo RockYou iliibiwa nywila milioni 32 zilizokuwa zimeandikwa kama zilivyo, na orodha ile bado wadukuzi wanaitumia kukisia nywila za watu wengine mpaka leo. Ukibonyeza "Nimesahau nywila" na tovuti ikakutumia ile ile ya zamani kwa barua pepe, basi wameihifadhi kwa namna ambayo mtu anaweza kuisoma. Imenitokea hapa Nairobi, na niliifunga akaunti ile siku hiyo hiyo.

Tiketi nayo huibiwa. Oktoba 2010 Eric Butler alitoa programu ndogo ya kivinjari cha Firefox iliyoitwa Firesheep. Ukikaa mahali penye Wi-Fi ya wazi, programu ile ilikuonyesha majina na picha za watu waliokuwa wameingia Facebook na tovuti nyingine karibu nawe, na ukibonyeza jina moja ulikuwa ndani ya akaunti yake. Hakuna nywila iliyovunjwa. Tovuti hizo zilikuwa zikilinda ukurasa wa kuingilia kwa HTTPS, yaani HTTP iliyofichwa kwa msimbo wa siri njiani, kisha zikarudi kwenye HTTP ya kawaida kwa kurasa zilizobaki, na kuki ikawa inapita hewani kila mtu akiiona. Ilikuwa kama kumkagua mgeni getini kwa makini halafu kuziacha kadi za wageni kwenye kikapu kando ya njia. Januari 2011 Facebook ikawaruhusu watumiaji kubaki kwenye HTTPS muda wote. Leo, tangu shirika la Let's Encrypt lianze kutoa bila malipo vyeti vinavyohitajika kwa HTTPS mwishoni mwa 2015, hata tovuti ya kanisa la mtaani haina kisingizio.

Zaidi ya HTTPS kuna maneno ambayo mjenzi huyaambatisha kwenye kuki, na yote ni kazi ya dakika mbili. Secure huizuia kuki isisafiri nje ya HTTPS. HttpOnly huificha kuki ili JavaScript, lugha ya programu zinazoendeshwa ndani ya ukurasa, isiweze kuisoma, kwa hiyo hata mtu akifaulu kupenyeza msimbo wake kwenye ukurasa wako, hawezi kuichomoa tiketi. SameSite huizuia kuki isitumwe pale ambapo ombi limeanzishwa na tovuti nyingine. Chrome ilianza mwaka 2020 kuweka kiwango cha Lax, yaani kizuizi cha wastani, kwa kuki zisizotaja SameSite. Na jambo la nne, ambalo si neno bali ni tabia: mtu akifaulu kuingia, mpe tiketi mpya. Ukiiacha ile aliyokuwa nayo kabla ya kuhakikiwa, huenda ni tiketi ambayo mwizi alimpachika mapema, na sasa mwizi ana nakala ya tiketi iliyopandishwa cheo.

Septemba 2018 Facebook ilitangaza kwamba wadukuzi walipitia kasoro kwenye kipengele cha kutazama ukurasa wako kama wengine wanavyouona, wakajipatia tokeni za akaunti za watu. Mwanzoni kampuni ilisema ni karibu akaunti milioni 50, baadaye ikasema milioni 30. Tokeni hizo ndizo tiketi. Kampuni ikafanya nini? Ikaziua. Tokeni za watu milioni 90 zilifutwa, zile zilizoguswa na nyingine milioni 40 kwa tahadhari, na kila mmoja wao akajikuta kwenye ukurasa wa kuingilia, akaandika nywila yake, akaendelea na shughuli zake. Hakuna aliyelazimika kubadilisha nywila. Wizi ulikuwa mkubwa na sipunguzi uzito wake. Lakini linganisha na RockYou, ambako kilichoibiwa kilikuwa nywila zenyewe: mtu aliyetumia nywila ile ile kwenye barua pepe na kazini, nani angemfutia kule? Tiketi hufungua mlango mmoja, kwa muda, na aliyeitoa anaweza kuifuta. Hiyo ndiyo thamani yake yote.

Kwa hiyo tiketi ambayo aliyeitoa hawezi kuifuta, au hajishughulishi kuifuta, imepoteza thamani hiyo. Ninarudi kwenye saiba.

Kwa nilivyoona, kitufe cha "Ondoka" cha sacco ile kilifanya kazi moja tu: kumpeleka mtu kwenye ukurasa wa kuingilia. Jedwali la seva halikuguswa, kuki haikuguswa. Kitufe kilichoandikwa sawasawa huifuta tiketi jedwalini kwanza, kisha hukiambia kivinjari kiitupe kuki, na kurasa zenye siri huwa zimetumwa na agizo la kutohifadhiwa, ili mshale wa nyuma usionyeshe kitu. Utaratibu huo ni muhimu. Nimeona mifumo inayoitupa kuki upande wa kivinjari tu, na mjenzi akaamini amemaliza. Kama kuna mtu aliyekwisha kuinakili tiketi, nakala yake inaendelea kuishi, na mwenye akaunti anakwenda nyumbani akiwa na amani isiyo na msingi.

Wengine huniambia kwamba kivinjari kikifungwa, kuki za kipindi hufa zenyewe. Kwa nyumbani pengine. Saiba nyingi huweka kivinjari kiendelee pale kilipoachwa, kwa sababu umeme hukatika na wateja hulalamika kazi zao zikipotea, na mpangilio huo huzirudisha kuki za kipindi pamoja na kurasa. Mashine iliyozimwa jioni huamka asubuhi na wateja wa jana ndani yake. Mjenzi anayewafikiria watumiaji wenye kompyuta ndogo za peke yao amejenga kwa ajili ya watu ambao si wanachama wa sacco ya Shangazi. Hapa kwetu kiti kimoja hukaliwa na watu 20 kwa siku, simu moja hutumiwa na mama na wanawe, na simu hiyo hiyo huweza kunyakuliwa dirishani mwa matatu kwenye foleni ya jioni. Aliyenyakuliwa anahitaji ukurasa unaomwonyesha mahali pote alipoingia, na kitufe cha kumtoa kote kwa mara moja. Anahitaji pia kwamba akibadilisha nywila, tiketi zote za zamani zife papo hapo. Kwenye jedwali, hilo ni amri moja ya kufuta.

Ndiyo maana sikubaliani na mtindo ulioenea miongoni mwa vijana wetu wa kutumia tokeni za JWT kwa kila kitu. Zilipewa kiwango rasmi Mei 2015, katika waraka wa RFC 7519, na zina kazi yake. Tokeni ya aina hii hubeba taarifa za mtumiaji pamoja na saini ya seva, kwa hiyo seva huikubali kwa kuiangalia saini, bila kuuliza jedwali lolote. Kwa kampuni yenye mamia ya huduma zinazozungumziana, hilo ni nafuu kubwa. Kwa sacco yenye wanachama 5,000 na hifadhidata moja, ni kujinyima kwa hiari uwezo wa kufuta, maana kisichoandikwa popote hakifutiki. Nimekuta tokeni zilizopewa uhai wa siku 30, zikiwa na jina, nambari ya kitambulisho na ya simu ndani yake, mjenzi akidhani saini ndiyo inayozificha. Saini haifichi. Yaliyomo yameandikwa kwa Base64, ile ile iliyotuandikia neno nairobi hapo juu.

Tiketi iishi muda gani? Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wa mwaka 2017, kwa mifumo ya kiwango cha kati cha usalama, ulisema mtu ahakikiwe upya baada ya saa 12, au baada ya dakika 30 za kukaa bila kufanya lolote. Naona hizo dakika 30 ni nyingi mno kwa saiba. Lakini sitaki pia dakika tano, kwa sababu nimemwona Shangazi akiandika kwa kidole kimoja, na mtandao ukisuasua fomu moja humchukua robo saa; mfumo unaomtoa katikati ya fomu unamfundisha kuiandika nywila kwenye karatasi. Ningeweka dakika 15 kwa kuangalia, na kwa jambo lolote linalohamisha pesa au kubadilisha nambari ya simu ningemuuliza nywila papo hapo, tiketi iwe hai au isiwe hai.

Zipo sasa funguo za siri za simu, zinazotumia kiwango cha WebAuthn kilichopitishwa Machi 2019. Simu hubaki na ufunguo wa faragha, seva hubaki na ule wa hadharani usiomfaa mwizi, na nywila haipo kabisa. Nazipenda, na ningefurahi zikifika kwenye kila sacco. Ila zinatengeneza mlango tu. Ukishapita, bado unabeba tiketi ndani ya kuki, na bado kuna kitufe cha "Ondoka" ambacho ama kinafanya kazi ama hakifanyi.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba mwaka huo, haitaji kuki. Inamtaka anayeshika data za watu aujenge ulinzi ndani ya mfumo tangu unapobuniwa, na data ikiangukia mikononi mwa asiyehusika kwa namna inayoweza kuleta madhara halisi, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Majina na nambari za simu za wadhamini watatu ni data ya watu. Wadhamini hao hawajawahi kukanyaga saiba ile. Hawakubonyeza kitu chochote kimakosa. Kumwambia Shangazi "uwe mwangalifu" hakuwalindi wao, na ndiyo sababu sikubali mzigo huu uachiwe mtumiaji.

Niliwaandikia sacco ile, nikaeleza hatua kwa hatua tulichobonyeza na kilichotokea. Walinijibu kwa heshima kwamba niwe na amani, nywila za wanachama zimehifadhiwa kwa teknolojia ya kisasa na hata wafanyakazi wao hawawezi kuzisoma. Naamini wanasema kweli. Sikuwa nimeuliza kuhusu nywila.

Shangazi haendi mkutano mkuu wa mwaka bila swali la gawio. Safari hii ameniomba nimwandikie na lingine, kwenye karatasi, kwa maneno ambayo mwenyekiti hatalizunguka. Nikamwandikia: "Mwanachama akibonyeza Ondoka, seva yetu inafuta nini?" Akalisoma mara mbili, akachukua kalamu, akaongeza chini yake kwa mwandiko wake: "Na wadhamini wangu, ni nani amewaona?"